Funga Mlango, Joto Linatoka

Theodora aliukanyaga mguu mmoja wa suruali ya mazoezi, akaushika wa pili kwa mikono miwili, akauvuta mpaka kidevuni. Hayo yote katikati ya soko la Mbuyuni, Jumamosi, watu wamejaa kama siafu.

"Dada yangu, unanunua au unachuna mbuzi?" aliuliza mwenye meza.

Huyo ni Fikirini, mtoto wa Majengo, muuza mitumba. Shati la maua, vifungo vya juu wazi ili dunia nzima ione cheni yake ya dhahabu isiyo dhahabu.

"Napima. Nikiinama mbele za watu ikachanika, utanishonea wewe?"

"Kushona sijui. Nitakuja kusimama nyuma yako kama pazia."

Theodora alicheka, vishimo vikatokea mashavuni, na Fikirini akasahau kutaja bei. Binti alichukua namba yake ya simu, eti ya kulalamikia ikichanika. Haikuchanika. Alipiga hivyo hivyo.

Baridi ya Juni ilipoteremka kutoka mlimani, Majengo yote ilijua kwamba yule mpangaji mrefu kutoka Kirua Vunjo ni wa Fiki. Binti alikuwa anajifunza kufundisha yoga ya joto, kwenye chumba cha ghorofani mjini kinachochemshwa kwa hita mpaka vioo vinalia machozi.

"Watu wanalipa ili watoke jasho?" Fikirini alishangaa. "Bibi yangu anatoka jasho bure jikoni."

"Bibi yako anajikunja huku anapumua kwa pua?"

"Anajikunja, anapumua, na anatutukana."

Utani ulikwisha siku Fikirini alipomwona mkufunzi. Shakiru! Kifua kama kabati, nywele kazifunga kishungi. Tangu hapo kila jioni ikawa mahojiano.

"Leo Shakiru kanirekebisha vizuri, mpenzi."

"Kakurekebisha wapi?"

"Kiunoni."

Chai ilimtokea Fikirini puani.

Siku moja Theodora aliacha simu yake ichajiwe pale mezani, akakimbilia mazoezini. Vidole vya Fikirini, vyenyewe tu, bila kutumwa, vikaifungua. Kulikuwa na sauti iliyotumwa kwa Shakiru. Sauti ya asali: "Vuta pumzi... legeza mabega... usiogope joto, niko hapa na wewe..."

Aliacha mitumba bila mwangalizi, akarukia bodaboda, akapanda ngazi kwa pupa na kusukuma mlango. Mvuke ukampiga usoni. Theodora alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, Shakiru kamshika kisigino, na mama mwenye ukumbi kakaa pembeni anamtahini.

"Fiki! Funga mlango, joto linatoka!"

"Joto la nini? Nimeisikia! 'Niko hapa na wewe'! Mimi nikikuambia usiku mwema unanijibu 'poa'!"

Theodora aliyumba, akaanguka kwa makalio. Mama mwenye ukumbi akainuka, akasema mtihani urudiwe Jumamosi, mbele ya wateja, na uwe wa mwisho.

Theodora alimfuata Fikirini mpaka kwenye ngazi, jasho na machozi vimechanganyika.

"Ile sauti ni maneno ya darasani. Nilimtumia mwalimu anisahihishe. Nimeyasoma miezi yote hii, Fiki, wewe umeyafuta kwa mlango mmoja. Usinipigie."

Alipiga. Namba yake ilikuwa imeshafungiwa. Mitumba ikakosa utani, wateja wakahamia meza ya jirani.

Sokoni Wachaga walikuwa wamemwambia zamani kwamba ukimletea mtu jani la isale kuomba msamaha, hawezi kukataa. Basi Fikirini akapanda mpaka Kirua Vunjo, akaingia kwenye migomba ya kina Theodora, akaona masale yamejipanga vizuri, akang'oa shina zima na mizizi yake. Msamaha mkubwa, mmea mkubwa!

"Wewe kijana! Unahamisha mpaka wa shamba la marehemu mume wangu?"

Alikuwa Mama Mektrida, mama yake Theodora, panga mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rudisha mpaka kwanza, ndipo tusalimiane."

Alilirudishia shina huku anaeleza, udongo mpaka kwenye cheni. Mama alicheka mpaka akashika mgomba asianguke. Kisha akakata jani moja tu, akalifunga fundo.

"Hawezi kulikataa, nimemfundisha mwenyewe. Ila atakachokufanya baada ya hapo, mimi simo."

Jumamosi Fikirini alifungua mlango wa ukumbi taratibu, jani kifuani kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

"Funga mlango!" wateja wote wakapiga kelele.

Theodora alilitazama jani.

"Isale halikataliwi," alisema. "Lakini nitalipokea darasa likiisha. Chukua mkeka."

Kwa suruali ya jinzi! Fikirini alijikunja, akajikunjua, akaona nyota mchana. Akamsikia Theodora akimwambia mzee mstaafu mwenye kitambi, kwa asali ile ile: "Usiogope joto, niko hapa na wewe." Akamwambia na mtalii aliyeshuka mlimani. Wivu ulimpanda Fikirini, ukatazama huku na huku, ukakosa wa kumshika.

Mwisho wakalala chali. Jirani yake, Brenda, binti wa kucha nyekundu, akamhurumia na kuanza kumpepea kwa taulo.

"Pole, kaka. Una mabega mazuri, yalegeze tu."

Sauti ya asali ikakatika.

"Brenda, mpenzi, macho juu darini."

Mama mwenye ukumbi aliguna, kisha akampa Theodora mkono: amefaulu. Theodora akaja kuchuchumaa kando ya mkeka, akalichukua jani lililonyauka kwa joto, akalichomeka kiunoni, kwenye ile suruali ya Mbuyuni.

"Nimepokea."

"Kwa sababu ya mila?"

"Na kwa sababu nimekumisi, mjinga wewe. Tena simu yangu usiiguse."

"Siigusi. Kesho nije na kaptura?"

Theodora aligeuka, akamwona Brenda akikunja mkeka polepole kuliko kawaida.

"Kesho usije kabisa."

"Mbona?"

"Huyo kalipia mwezi mzima."