Nywele Ndani ya Chujio

Kaka yangu Mothusi husafisha mabwawa ya kuogelea hapa Rustenburg. Yaliyompata kwa Bwana Terblanche nayasimulia mimi mdogo wake, kwa sababu yeye akianza kuyasimulia hupiga meza mpaka vikombe vinaruka.

Jumanne ile ilianza kama Jumanne zote. Jua la Januari, saa nne asubuhi. Kila wiki alikwenda pale kuosha kikapu cha pampu, kupima klorini na kusafisha tangi la mchanga linalochuja maji. Ila safari hii hakuna aliyemletea chai na magwinya, yale maandazi ya kwetu. Boitshoko, mfanyakazi wa ndani, alikuwa amekufa katika bwawa lile siku tano kabla. Polisi waliandika kwamba alikuwa amelewa. Boitshoko! Mwanamke wa kanisa, ambaye hata kinywaji cha tangawizi kikichacha kidogo alikimwaga.

Mothusi akachungulia majini. Chini, kwenye tundu linalonyonya maji kwenda kwenye pampu, aliona kifuniko kipya. Cha zamani kilikuwa kimevunjika, naye alimwonya Terblanche mara tatu: tundu likiwa wazi litamnasa mtu nywele. Mara tatu mzee alimjibu, "Wewe osha chujio. Bwawa ni langu."

Hasira ilimpanda. Akachukua ndoo, akaanza kazi.

Geji ya tangi ilionyesha kwamba chujio limeziba. Akafungua mfuniko. Juu ya mchanga zililala rasta nyekundu, ndefu, kama alizosuka Boitshoko, zimejikunja mafundo mafundo. Akatoa ndoo nzima. Nywele zingekwama kwenye kikapu cha pampu. Hazina njia ya kufika tangini.

Wiki iliyofuata alitoa ndoo mbili. Akamwaga mchanga wote, akajaza mpya.

"Unaniharibia makusudi!" Terblanche alifoka kutoka barazani.

"Njoo basi uone nywele hizi ni za nani."

Mzee akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumanne ya tatu Mothusi alizima swichi, akachomoa waya wa pampu ukutani, akapiga goti kando ya tangi. Sindano ya geji ikaanza kupanda, kana kwamba pampu bado inasukuma maji.

Polepole.

Tangi likatetemeka. Kwenye bomba la maji machafu kukatoka sauti ya mwanamke, ndogo, kama ya mtu aliyeishiwa pumzi.

"Zima."

Mothusi aliijua. "Nimezima, dada," akanong'ona.

"Zima."

"Nimezima, Boitshoko. Waya huu hapa."

"Mwambie yeye azime."

Kikombe kilivunjika nyuma yake. Terblanche alikuwa amesimama pale, kahawa imemwagika miguuni. Alikuwa amesikia kila neno.

"Nilimtuma atoe miwani yangu," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ilitumbukia upande wa kina kifupi, karibu na lile tundu. Akainama. Hakuinuka. Mkono wake ulikuwa juu ya maji, unapunga. Nilidhani anafanya mchezo."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa."

Mothusi akatazama swichi. Ilikuwa hatua moja tu kutoka miguuni mwa mzee.

"Hapa?" aliuliza tena. "Hapa, na ukatazama?"

"Nilitaka ajifunze adabu."

Kaka yangu ananiambia ngumi yake ilikuwa imeshainuka. Kilichoizuia ni mlio. Kitu kiligonga tangi kutoka ndani. Mara moja. Mara mbili.

Akafungua mfuniko, akatumbukiza mkono. Mchanga ulikuwa wa vuguvugu, kama mwili. Vidole vikagusa kitu kigumu, akakivuta. Kilikuwa kifuniko cha zamani, kimevunjika, kikiwa bado na alama ya rangi aliyoipiga mwenyewe siku ya onyo la tatu. Kifuniko kipana kama sahani. Bomba linaloingia tangini halipitishi hata yai.

"Nilikizika," Terblanche alinong'ona. "Nilikizika mbali, kule bondeni."

Mothusi alimpeleka polisi mchana uleule. Mzee hakubisha. Alikiri kila kitu, kisha akawasihi wasimrudishe nyumbani. Yuko ndani mpaka leo, anangoja hukumu.

Lakini ile taarifa ya kwanza hawakutaka kuifuta. Nilikwenda kituoni na mama yake Boitshoko, tukakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Mama alitaka neno moja tu liondolewe. Sajenti aliyeiandika alikataa kututazama usoni.

"Mwanangu hakunywa pombe," mama alimwambia.

"Mama, nenda nyumbani."

"Toa hilo neno!" nilipiga kelele mpaka wenzake wakatoka maofisini. "Mmemuua mara ya pili!"

Sikutarajia atafungua kabati. Alifungua. Akaweka jalada mbele yetu, akainama karibu na sikio langu.

"Nimeiandika upya mara nne, na kila mara naikuta hivi," alinong'ona. "Funguo ninazo mimi peke yangu."

Karatasi ilikuwa kavu, na maandishi yake yalisomeka vizuri, jina, tarehe, anwani. Ila pale alipoandika *amelewa* palikuwa na tundu. Kingo zake zilikuwa zimelowa. Tukiwa tunatazama, sote watatu, tone moja la maji likachuruzika kutoka kwenye tundu lile, likaenda taratibu upande aliosimama sajenti.