Bastola Ndani ya Begi la Dharura

Saa 4:10 asubuhi.

Akalla, pembezoni mwa Stockholm, stoo ya saluni. Juu ya meza, katikati ya mafungu ya nywele bandia, silaha tatu zililazwa kwa heshima zote, kama marehemu wa ukoo mmoja. Bunduki iliyokatwa mtutu. Bastola nyeusi. Na bastola ya kuanzishia mbio, ambayo Bravin aliileta mwenyewe na ikapokelewa kwa dharau.

"Tunachagua moja," alisema Protais, mkubwa wao. "Kwenye duka la saa tunaingia na nyundo. Moja inakaa kwenye begi la dharura, nyuma ya gari. Ni ya mambo yakiharibika."

Begi lenyewe halikuwa na kosa lolote mbele ya sheria: pembetatu nyekundu, kamba ya kuvutia gari, bandeji, fulana ya njano. Bravin ndiye dereva. Alilipanga kwa mikono yake.

"Hiyo bunduki haiingii begini," alisema Raïssa, wa tatu wao.

"Basi hii yangu," Bravin akaisukuma mbele. "Inalia kama ya kweli. Watu watalala chini. Hakuna damu."

"Unaenda kuiba saa za watu au kuanzisha mita mia?" Raïssa akamcheka.

"Nyamazeni." Protais akaiokota ile nyeusi. "Hii. Saa saba dada yako Wanjugu, anayefagia pale dukani, atafungua mlango apokee chakula chake. Ananijua, tuko kwaya moja. Unadhani mambo yataharibikia wapi, petit, mdogo wangu?"

Bravin akaelewa. Dharura ilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa limezaliwa tumbo moja na yeye.

"Hukuniambia hivyo."

"Nakuambia sasa. Jitoe ukitaka. Nitabisha mimi. Atanifungulia vilevile."

Angefungua. Na simu zote zilikuwa mkobani mwa Raïssa tangu alfajiri.

Saa 4:25.

Protais akaiviringisha bastola kwenye taulo, akaitia begini. Kisha akafanya alichofanya kabla ya kila safari, iwe ya harusini au ya wizi.

"Tuombe."

Sala za Protais hazikuwa fupi. Mikono juu, macho yamefumbwa, alianzia kwenye kiti cha enzi na kushuka taratibu. Raïssa naye alifumba macho. Kwao Bukavu, mtoto aliyefumbua macho kabla ya amina alikula kofi.

Bravin alisoma shule ya bweni. Miaka minne ilimwachia elimu moja tu ya kudumu: sala ya chakula ikianza, mwenye macho wazi ndiye anayekula nyama mbili. Protais alipofika mahali pa kuwaombea polisi upofu, taulo lilikuwa limeshabadilishiwa mzigo. Ile nyeusi ililala chini ya nywele za kusuka.

"Amina!" alisema Bravin, kwa sauti kuliko wote.

Raïssa akatazama meza. "Kidude chako kiko wapi?"

"Nimekitupa kwenye nywele huko. Si mmekikataa?"

 Raïssa akachukua nyundo yake.

Saa 7:02 mchana.

Sundbyberg, mlangoni mwa duka la saa. Wanjugu alifungua, ufagio mkono mmoja. Bravin akamkabidhi kopo la githeri, mahindi na maharagwe, bado la moto. Protais na Raïssa wakampita pembeni kama upepo. Vioo vikaanza kulia.

"Ndugu Protais?" Wanjugu aliita. "Bravin, hii ni nini?"

 Bravin alirudi garini, akachomoa ufunguo, akaudondosha kwenye mtaro wa maji.

Saa 7:05.

Walitoka mbio. Wanjugu nyuma yao, akiliita kwa kelele jina la Protais, la ubatizo na la ukoo. Protais akafungua buti, akakung'uta taulo, akageuka. Hatua sita. Hakusita hata kidogo.

Pa!

Kituo kizima cha basi kikalala chini. Wanjugu alibaki wima, akipapasa kifua chake, akitafuta tundu. Githeri ilikuwa imemwagika miguuni.

Pa! tena. Moshi mtupu.

Protais akaitazama bastola. Akamtazama Bravin.

"Wakati wa sala?" Sauti ilimtetemeka kwa uchungu wa kweli. "Mshenzi wewe, wakati wa *sala*?"

Nyundo ya Protais ilitua begani mwa Bravin. Mfupa ukaitika. Raïssa hakungoja kuona ya pili. Alishateremka ngazi za treni na mkoba wa saa. Protais akajaribu gari, akakosa ufunguo, akakimbia kwa miguu. Polisi walimlalisha chini kabla hajamaliza mtaa.

Saa 7:11.

Bravin alikaa ukingoni mwa barabara, mkono ukining'inia. Wanjugu akasimama juu yake.

"Ulijua atanipiga risasi?"

"Ndiyo maana nikaibadilisha, dada."

"Ulijua saa ngapi?"

"Saa nne."

Wanjugu akalitazama kopo lililopinduka.

"Saa nne ulijua. Halafu ukakaa ukanipashia githeri."

Polisi wa kike akaja, akauliza kwa Kiswidi kama wezi walikuwa na mwenzao mwingine. Wanjugu alijibu kwa Kiswidi kizuri, bila haraka. Akamnyooshea kidole kaka yake, akataja jina lake lote, mpaka la babu.