Jivu la Tabaka la Saba

Ndani ya boila namba tatu, kwenye joto la nyuzi elfu moja na mia mbili, mijusi-moto wanane walikuwa wakipanda mabomba kwa miguu yao ya kauri. Kila mmoja alilamba ukuta, akaonja jivu lililoganda, kisha akapeleka majibu kwa Mpimajivu, akili unde iliyokuwa ikiongoza moto. Kwa miaka tisa boila za Lihanje hazikuwahi kuzimwa hata siku moja. Mji mzima, pamoja na treni zake na hospitali zake, ulikuwa umeshasahau giza.

Aliyewabuni mijusi hao alikuwa Mhandisi Edigna Kapinga. Wageni walipomuuliza kazi yake, aliwapeleka jikoni kwa maneno.

"Makaa ya mawe yakiungua hubaki jivu, na kila jivu lina tabia yake," alizoea kusema. "Lenye silika nyingi, yale madini ya mchanga, halina neno, hupita na moshi kama vumbi. Baya ni lile lenye sodiamu na chuma kwa wingi. Hilo huyeyuka mapema, likanata kwenye mabomba kama ukoko wa ugali sufuriani. Joto haliyafikii maji tena, na ukoko unazidi kunenepa mpaka uzito unaushinda."

Jumanne, saa nne asubuhi, yakaanza kuingia makaa ya tabaka la saba la mgodi, ambalo lilikuwa limeanza kuchimbwa wiki ile ile. Mpimajivu akaandika kiooni: "Sodiamu imepanda mara tatu. Napendekeza tupunguze moto."

Edigna akabonyeza ENDELEA. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mwaka ule, na kila mara mijusi waliwahi kuukwangua ukoko.

Safari hii hawakuwahi. Saa sita na robo pande la ukoko, kubwa kama gari, lilimomonyoka kutoka juu likatumbukia kwenye birika la maji chini ya boila. Maji yakalipuka kuwa mvuke. Bosko Ndunguru, fundi wa majivu, alikuwa amefungua mlango wa chini dakika ile ile. Hakufika hospitali.

Edigna hakulia. Alijaza fomu, akasaini, akaenda kula. Watu walimpa pole, naye akawajibu "nimeshapoa," kama mtu aliyejikwaa kidole. Jioni alifua mashuka yaliyokuwa safi.

Kesho yake Meneja Haule alimwita ofisini.

"Andika kwamba jivu lilibadilika ghafla," alisema. "Jivu haliendi mahakamani."

"Halikubadilika ghafla, bosi. Tuliambiwa."

"Nani mwingine anajua?"

Edigna alitazama mikono yake mezani, ikawa kama mikono ya mtu mwingine. Ripoti hakuiandika.

Alhamisi, baada ya maziko, alikwenda msibani. Mjane, Mama Konrada, alikuwa ameketi mkekani sebuleni, feni ikizunguka juu yake. Uani wanawake walikuwa wakimenya ndizi. Edigna akavua viatu, akakaa karibu naye, akamweleza yote. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa kavu, kana kwamba anasoma vipimo.

"Kwa hiyo mashine ilisemaje?" mjane aliuliza.

"Ilisema tupunguze moto."

"Na wewe?"

"Nikaiambia iendelee. Nimekuja kukuomba radhi, mama."

Mama Konrada aliukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake.

"Leo pale chini yupo nani?"

"Yupo fundi Mbele, na mwenzake Komba."

"Boila inawaka?"

"Inawaka. Haikuzimwa."

"Kwa makaa yale yale?"

Siku mbili nzima Edigna alikuwa amebeba kifo cha Bosko, na hakuwahi kuwafikiria walioshika koleo lake.

"Radhi yako kaa nayo kwanza," mjane akasema taratibu. "Wale wana wake zao."

Edigna akatoa simu, akampigia Hyera, mkuu wa zamu.

"Watoe watu wote chini. Kisha zima namba tatu."

"Kwa idhini ya nani, mhandisi? Meneja amekataza kabisa. Nusu ya mji itakosa umeme!"

"Hospitali ziwekee umeme wa akiba. Kilichobaki, andika jina langu."

Hyera alisita. "Mpimajivu anauliza sababu."

"Mwambie alisema kweli Jumanne."

Baada ya dakika kumi hivi feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Redio ya jirani ikakatika katikati ya neno. Uani mwanamke mmoja akapiga ukelele: "Yesu wangu! Umeme umekatika! Mji huu umepatwa na nini? Na msibani kwenyewe, hawana hata haya!"

Mama Konrada aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Tulieni, jamani," alisema. "Ni mimi niliyeomba."