Ufa wa Mlima

Mwanaidi alikuwa na kazi yake ya asubuhi, na ole wake mtu wa kumnyang'anya. Alichota maji kijitoni, akayamimina kwenye mtungi wa jikoni, kisha akaketi kuyangoja yatuame. Maji ya kijito kile yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Tope lilipokwisha kushuka, aliingiza mkono akalipima.

"Mama, leo limefika kwenye kifundo cha mkono."

"Hilo ni shamba la baba yako," Hadija alimjibu huku akichochea moto. "Linahamia Mombo. Mwambie alifuate."

Walicheka. Mtu hulicheka jambo kwa miaka mingi, mpaka siku jambo lenyewe linapomcheka yeye.

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya Soni, chini ya mteremko mkali. Shamba lilikuwa juu ya nyumba. Juu ya shamba, kwenye kichwa cha mlima, palikuwa na miti mikubwa, mishai na miwati, iliyoachwa na baba yake Omari. Omari ndiye mume wa Hadija. Alilima kabichi na karoti, na kila juma lori lilipanda kutoka Mombo kuzinunua. Mama yake, Bi Fatuma, aliishi nao. Alikuwa mzee mwenye ulimi mkali na masikio yanayosikia yale anayoyataka tu.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Watu walikula bada, ugali wa muhogo, kwa mboga, kisha bada tupu. Halafu lori likaacha kuja. Kabichi zilikomaa, zikapasuka, zikaanza kunuka shambani. Mafuta ya taa nayo yakatoweka dukani. Watu walikula mapema, jua lingali juu, kisha wakalala na mawazo yao.

Siku moja bwana shamba alipita. Aliitwa Sefania, Mpare wa Same, mtu mwembamba mwenye baiskeli aliyoisukuma zaidi ya kuipanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akasema Bi Fatuma. "Kaa kwenye kigoda. Kabichi zipo, unaweza kula wewe na wilaya nzima."

"Nimeziona. Pole sana."

"Tumeshapoa. Wewe una redio. Wanasema Waarabu wanapigana. Vita vyao vimeingiaje kwenye kibatari changu?"

Sefania alitabasamu kidogo. "Vimepita bandarini, Mama. Misri na Siria zimepigana na Israeli. Nchi za Waarabu zenye mafuta zimewakasirikia wanaomsaidia adui yao. Zimepunguza mafuta zinayouza, na bei imepanda dunia nzima. Sisi hatuna kisima cha mafuta. Yetu yanakuja kwa meli. Yakiwa ghali, nchi inanunua machache. Lori halipati mafuta, basi haliji. Na kwa kuwa mvua imekataa, fedha iliyobaki inanunua unga wa njano kutoka nje."

"Basi wao huko wanashiba."

"Si wote. Wengine wana mafuta chini na mchanga mtupu juu. Maji kwao ni mali, na ngano wanainunua kwa wageni. Wengine hata mafuta hawana, wana vita tu. Na jirani zao Wahabeshi wanakufa kwa ukame hivi sasa. Kila nchi ina kinachoiliza. Sisi tuna udongo na miti. Tukivipoteza, hakuna meli itakayotuletea."

Hadija aliyapenda maneno hayo. Alitaka mgeni aendelee. Lakini Sefania alikuwa mtu wa serikali, na mtu wa serikali haondoki bila kuacha amri.

"Kwa hiyo wilaya imesema shamba hili lipigwe matuta kabla ya masika."

Bi Fatuma akageuza uso ukutani.

Neno hilo halikusemwa katika nyumba ile. Wakati wa Mwingereza ilitoka amri kwamba kila shamba la mlimani lipigwe matuta. Asiyepiga alishtakiwa. Bi Fatuma alipandishwa mlimani na jembe lake akiwa na mimba kubwa, akalima kwenye shamba hili hili. Mimba ikaharibika huko huko, mferejini. Uhuru ulipokuja, kijiji kizima kilipanda na ngoma na vigelegele, wakayasawazisha matuta yote. Omari, kijana wakati ule, ndiye aliyepiga jembe la kwanza katika shamba lao. Ilikuwa siku ya furaha ya haki, na hakuna wa kuwalaumu. Ila tangu mwaka ule ndipo kijito kilipoanza kuwa chekundu, na hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

"Bwana shamba," Omari akasema, akisimama, "tumekusikia. Nenda salama."

Sefania aliichukua baiskeli yake. Alipofika uani aligeuka. "Basi, tafadhali, miti ya juu msiikate. Hiyo tu."

Njaa haina sikio. Kule Soni watu hawakuwa na mafuta ya taa ya kupikia, kila mmoja akatafuta mkaa. Omari akachukua shoka.

"Baba Mwanaidi," Hadija akamwambia, "miti ile ni ya baba yako."

"Baba yangu amekufa. Mwanangu yu hai, naye anataka kula."

Hadija akaenda kutafuta magunia. Hata wewe msomaji ungefanya hivyo. Omari aliangusha mishai, akaangusha miwati, akajenga tanuri la mkaa huko huko juu. Magunia yalishuka Soni vichwani mwao wote wawili. Nyumba ikapata unga. Mwanaidi akanenepa mashavu. Kichwa cha mlima kikabaki visiki vitupu.

Masika yakaanza kwa manyunyu. Kila mtu alishukuru. Hadija alipanda juu kupanda maharage, akauona ufa. Ulikata mteremko kwa upana, chini kidogo ya visiki, na mguu wa mtoto ungeweza kuingia ndani yake. Alishuka akamwambia mumewe.

"Ni ukame huo," Omari akasema. "Ardhi ilikuwa na kiu. Itakunywa, itajifunga."

Lakini Hadija alikuwa mwanamke mwenye bidii, na bidii haitulii. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyomfundisha mwanawe. Walipanda wote wawili na majembe. Waliujaza ufa kwa udongo na masalio ya mkaa. Mwanaidi alirukaruka juu yake kuushindilia, huku akiimba nyimbo za shule.

"Tumeuziba, Mama."

"Tumeuziba. Baba yako ataona haya."

Siku zilizofuata, chemchemi ndogo ilitokea nyuma ya jiko, mahali ambapo hapakuwa na maji kamwe. Mwanaidi akafurahi kupita kiasi. "Mungu ametuletea bomba," akasema. Hakwenda tena kijitoni. Alichota hapo hapo ukutani, akajaza mtungi wake. Hata Bi Fatuma alikuja kulitazama, akasema alhamdulillahi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini maji yametoka ndani ya mlima, wala kwa nini visiki vya juu vimeanza kuinama.

Kisha mvua kubwa ikaja. Ilinyesha mchana kutwa. Alasiri Hadija alikuwa upande wa pili wa uwanja, akiingiza mbuzi bandani. Mwanaidi alimwambia kwa sauti kwamba anakwenda kuufunika mtungi, matone yanaingia. Hadija akasema haya, nenda.

Mlima ulishuka kwa mvumo mmoja mzito. Ulipita na shamba lote, na maharage, na visiki. Ulichukua jiko, ukaiacha nyumba kubwa imesimama na Bi Fatuma ndani, tope likiwa limefika dirishani.

Wanaume wa kijiji walichimba kwa majembe na kwa mikono. Omari alichimba mpaka kucha zikang'oka. Walimpata Mwanaidi karibu na mtungi wake. Walimzika siku iliyofuata, mvua ikiwa bado inanyesha.

Sefania alikuja matangani. Alikaa na wanaume, kofia magotini. Bi Fatuma akatuma aitwe.

"Wewe Mpare. Kuna neno ulilisema hapa, tukakufukuza. Liseme tena."

"Mama, leo siwezi."

"Litaje."

"Matuta," akasema Sefania, kwa sauti ndogo.

Bi Fatuma alilirudia neno hilo polepole. Kisha akasema, "Endelea."

Hadija ndiye aliyetangulia kusema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilikiona, bwana shamba. Kile kiufa. Nikakiziba. Nilimpandisha mwanangu akakikanyage."

"Mama Mwanaidi," Sefania akasema, na jina hilo likawachoma wote, "ufa wa ukuta huzibwa. Ufa wa mlima hukimbiwa. Mlima ukipasuka, umeshaanza kuondoka. Maji yakitokea mahali papya chini yake, miti au visiki vikiinama, hizo ni habari. Unachukua watoto na wazee, unahama, hata kama mvua ni manyunyu. Nyumba mtaijenga tena."

"Mbona hukuniambia?"

Sefania aliinamisha kichwa. "Nilikuja na amri. Nilisema matuta, sikusema kwa nini. Nilisema msikate miti, sikusema mizizi ndiyo inayoushika mlima. Hilo ni langu, nami sitalisahau."

"Miti niliikata mimi," akasema Omari. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefungwa vitambaa. "Mimi peke yangu."

"Nyamaza, mwanangu," akasema Bi Fatuma. "Matuta tuliyabomoa wote, tukipiga vigelegele. Tulimkataa Mwingereza, na ilikuwa haki. Lakini amri ndiyo iliyokuwa yake. Udongo ulikuwa wetu. Wazee wetu walikuwa na neno, kuzifya shi, kuiponya nchi. Tukamwachia mgeni hata hilo." Akamtazama Sefania. "Mvua zikipungua, uje. Usije na amri. Njoo na jembe."

Alikuja. Kwanza wakaijenga nyumba upande mwingine, mbali na mteremko. Kisha wakapanda shambani. Sefania alifunga fito tatu, umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni, akatia alama kwenye fito ya katikati. Jiwe likitulia kwenye alama, miguu ya fito iko sawasawa, na hapo ndipo tuta linapopita, likikata mlima na si kuushuka.

"Tuta likishuka na mlima, linakuwa mfereji wa kuiba udongo," alisema. "Likiukata, maji yanasimama, yanazama polepole."

"Maelezo unayatoa kwa kibaba, kama Mpare," akasema Bi Fatuma. "Sema yote."

Akayasema yote. Juu ya matuta wakapanda nyasi za mabingobingo, ili mizizi iyashike na majani yawe chakula cha mbuzi. Kwenye kichwa cha mlima hawakulima. Walirudisha miche ya mishai. Miwati ya kuni waliipanda bondeni, wakakata matawi tu na kuliacha shina. Mafiga matatu wakayazungushia udongo wa mfinyanzi, moto usitawanyike, na kuni zikatosha siku zaidi ya zamani. Vita vya Waarabu na bei ya mafuta havikuwa mikononi mwao. Mlima ulikuwemo.

Siku walipofika katikati ya shamba, Bi Fatuma alisimama. Ilikuwa pale pale mimba yake ilipoharibika. Hadija alimshika mkono, naye akauondoa taratibu, akachukua jembe, akapiga tuta mahali hapo mwenyewe, mpaka mwisho wa mstari.

Majirani walitazama. Wengine walinung'unika kwamba mambo ya mkoloni yamerudi. Lakini waliliona kaburi la mtoto kila walipopita, na mmoja mmoja wakaja kuazima zile fito.

Masika ya kwanza yalipita, na ya pili. Mvua ilipiga kwa nguvu ile ile. Mlima ulikaa. Mafuta ya taa bado yalikuwa ya shida, na lori lilikuja likitaka, lakini kabichi zilisimama imara katika udongo wao.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, Hadija alikwenda kijitoni mwenyewe. Alimimina maji kwenye mtungi mpya, akaketi kuyangoja yatuame. Aliketi kwa mazoea tu. Kisha akaingiza mkono mpaka chini, akapapasa. Vidole viligusa kitako kigumu cha mtungi, basi.

"Mwanaidi," akasema, "leo hakuna."