Seva ya Tatu Imeitikia

Chekeni tu, hata mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kabla shoga yangu hajamaliza kunisimulia. Yeye ni fundi wa kompyuta. Kazini walimtaka aunganishe seva tatu zipokezane ujumbe wa wateja, moja ikizima nyingine zibebe. Ikishindikana, kazi hana. Ya tatu, ya stoo, akamwachia mwenzake, mtu ambaye shoga yangu ndiye aliyemfundisha kazi.

Akampigia simu. "Kaka, ya tatu tayari?"

"Tayari, dada. We washa tu."

Akawasha. Kwenye skrini zikaitikia zote tatu, ujumbe ukapita kama maji. Akampigia tena kumshukuru. Yule akamkatiza.

"Dada, inaitikiaje? Sijaitoa hata kwenye boksi."

"Si umeniambia tayari?"

"Nilitaka uaibike. Kiti chako wangenipa mimi."

Basi shoga yangu akaenda stoo, machozi yanamlenga. Haina dirisha, taa imeungua, giza totoro. Akapapasa ukuta mpaka akaligusa boksi. Selotepu ya kiwandani haijabanduliwa, waya hakuna hata mmoja. Ila boksi lilikuwa la moto, na ndani yake feni inazunguka.