Maandishi Yaliyogeuzwa Picha

Kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya Kiilu na Ndunge kule Uthiru ilikuwa na kazi moja. Kanini, binti yao wa miaka sita, alipelekwa kwa shangazi yake. Redio ilizimwa. Kisha Kiilu alivuta kiti karibu na kompyuta, akaanza kumsomea mkewe masomo ya chuo.

Ndunge hakuwa anaona. Alipoteza macho kwa ugonjwa akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Baadaye alijifunza kazi ya swichibodi, na kwa miaka tisa alikuwa amepokea simu katika ofisi moja katikati ya jiji. Watu wengi walimjua kwa sauti tu. Lakini mwaka huo, 2009, ofisi ilikuwa inaleta mtambo wa kupokea simu bila mtu. Mkuu wake alimwambia wazi. Akipata cheti cha usimamizi wa ofisi kabla ya mwaka kwisha, atahamia dawati la kupokea wageni. Asipokipata, hakuna aliyejua atawekwa wapi.

Ndunge akajiandikisha katika chuo kinachofundisha kwa mtandao. Kompyuta yao ilikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kwa programu hiyo aliandika barua na kusoma magazeti. Lakini alipofungua masomo ya chuo, sauti ilisema neno moja tu: picha. Alipobonyeza kwenda ukurasa wa pili, ikasema tena: picha. Somo lilikuwa na kurasa arobaini. Zote arobaini zilikuwa picha.

Walidhani programu imeharibika. Kiilu aliiweka upya mara mbili, na sauti haikubadilika. Basi akawa anamsomea. Alisoma mbiombio, na majedwali aliyaruka kwa sababu hakujua jinsi ya kuyasema kwa mdomo. Ndunge alimkatiza, akataka arudie. Walikosana kidogo, wakaendelea.

Majaribio yalikuwa na shida zaidi. Kila jaribio lilikuwa la dakika ishirini, na mwanafunzi alitakiwa kulifanya peke yake. Katika jaribio la kwanza Ndunge alipata alama mbili kati ya ishirini. La pili lilifungwa akiwa bado swali la nne. Kisha chuo kikamwandikia kwamba yeyote atakayeanguka majaribio matatu kati ya matano hatafanya mtihani. Jaribio la tatu lilikuwa limebakiza wiki mbili.

"Sijui kama nimeshindwa na somo ama nimeshindwa na mashine," Ndunge alimwambia mumewe. "Hiyo ndiyo inanisumbua, Baba Kanini."

Mchana wa Jumamosi hiyo walimwita jirani yao Muthama. Yeye pia hakuwa anaona. Alikuwa akifundisha watu wasioona kutumia kompyuta katika kituo kimoja upande wa Dagoretti. Alikuja na fimbo yake nyeupe, akaketi, akasikiliza sauti ikisema picha, picha. Hakuonekana kushangaa. Alimwomba Kiilu ashike kipanya na kuchagua neno moja tu kwenye ukurasa, kama mtu anayetaka kulinakili.

Kiilu akajaribu. Neno halikushikika. Ukurasa wote uligeuka rangi ya samawati kwa pamoja.

"Wewe unaona maneno kwa sababu macho yako yanajua herufi," Muthama alisema. "Kompyuta haioni herufi hapo. Inaona picha ya karatasi. Kuna mtu alichukua notisi zilizochapwa, akazipitisha kwa skana, picha ndiyo ikatiwa kwa tovuti. Programu ya Mama Kanini ni nzima. Haina cha kusoma."

Kiilu alikuwa bado ameukazia ukurasa macho. Upande wa kushoto kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kutoka juu hadi chini. Aliujua. Alifanya kazi katika duka la uchapishaji kwenye uchochoro karibu na River Road, na kioo cha skana ya duka hilo kilikwaruzwa mwezi wa pili. Tangu hapo kila karatasi aliyoipitisha ilitoka na mstari huo. Duka lilikuwa na kazi ya chuo fulani. Makaratasi yaliletwa kwenye bahasha zenye namba, naye hakuwahi kuuliza ni ya chuo gani.

Muthama aliuliza kama wanamjua anayeandaa kurasa hizo. Kiilu alisema hamjui.

Jumapili hakutulia. Kanisani alitoka nje mara mbili, akasimama tu, akarudi. Jumatatu alisimama mbele ya skana na bahasha nyingine mkononi, akashindwa kuinua kifuniko. Mwenye duka alimuuliza kama ni mgonjwa. Jumanne asubuhi, Ndunge akifunga vifungo vya koti kwenda kazini, Kiilu akasema ukweli.

"Zile kurasa niliziskani mimi. Zote. Ni kazi yetu ya duka."

Ndunge aliacha kufunga vifungo. Aliuliza amejua tangu lini. Kiilu akamwambia tangu Jumamosi.

"Kwamba uliziskani, hukujua nitazisoma. Hilo naweza kulielewa," Ndunge alisema. "Lakini siku tatu umelala karibu yangu ukiwa umenyamaza."

Ndunge alimalizia kifungo cha mwisho. Alisema ataomba ruhusa kazini, na Kiilu aombe dukani, kisha waende chuoni wote wawili pamoja na Muthama.

Mwalimu wa somo hilo aliitwa Ravneet. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nne, imejaa vitabu hadi dirishani. Alikiri kwamba alipoona alama za Ndunge, alidhani ni mwanafunzi asiyesoma. Hakujua kwamba haoni. Fomu ya kujiunga haikuwa na mahali pa kusema hivyo.

Kiilu aliungama sehemu yake. Mwalimu Ravneet akatikisa kichwa.

"Hapana, karatasi zilitoka kwangu," alisema. "Notisi nilizichapa kwa kompyuta hii. Chuo kilitaka ukurasa wa kwanza uwe na mhuri, ndiyo nikazitoa kwa karatasi. Faili zenyewe ziko hapa tangu siku ya kwanza."

Alifungua faili moja. Muthama alikuwa na programu ya sauti kwenye flashi, akaichomeka. Sauti ikaanza kusoma somo la kwanza, sentensi baada ya sentensi, hata majedwali. Ndunge aliinama mbele, kiganja juu ya meza. Alisikiliza hadi ukurasa ulipokwisha.

Kisha wakafungua jaribio. Swali la tatu lilisema, angalia mchoro hapo juu, na sauti ikatamka picha. Muthama alieleza kwamba mchoro ungeweza kubaki, ila mwalimu aandike kwa maneno kile unachoonyesha, na programu itayasoma. Swali la tano lilitaka mwanafunzi avute majibu kwa kipanya na kuyaweka kwenye visanduku. Asiyeona haoni kisanduku kiko wapi. Afadhali majibu yachaguliwe kwa vitufe vya kibodi. Na dakika ishirini hazikumtosha mtu anayesikiliza kila jibu kabla ya kuchagua, wakati mwenzake anapitisha macho mara moja.

Mwalimu Ravneet alisita hapo. Alisema wanafunzi wengine wakisikia Ndunge ameongezewa muda, watadai anapendelewa.

"Sitaki swali rahisi, Mwalimu," Ndunge alisema. "Nataka kulisikia swali."

Mwalimu akafungua orodha ya wanafunzi, akalikuta jina la Mutiso. Kijana huyo aliumia mkono katika ajali, akamwandikia kwamba unatetemeka na kipanya kinamshinda. Mwalimu hakuelewa maana yake. Mutiso alikuwa ameacha majaribio tangu la pili.

"Nitampigia leo," alisema. Kisha akamuuliza Muthama kama kuna wengine asiowafikiria. Muthama akamtajia viziwi, ambao mhadhara wa kusikiliza hauwasaidii mpaka maneno yake yaandikwe.

Kazi ilichukua siku kumi. Mwalimu alitia faili zake kwenye tovuti badala ya picha, na vichwa vya habari akaviwekea alama ya kichwa cha habari, ili Ndunge aweze kuruka kutoka mada moja hadi nyingine. Mkuu wa chuo alikubali muda wa nusu saa badala ya dakika ishirini kwa mwanafunzi yeyote anayeuhitaji kwa sababu kama hiyo. Baadhi ya notisi za zamani hazikuwa na faili. Hizo Kiilu alizipitisha kwenye programu inayogeuza picha kuwa herufi. Ilikosea sana. Herufi o iligeuka sifuri, na mistari ikaungana. Alisoma neno kwa neno akirekebisha, na hakuruka jedwali hata moja.

Siku ya jaribio la tatu, Ndunge alifunga mlango wa sebule. Kiilu alibaki nje uani. Alifua soksi zilizokuwa safi. Aliuliza saa kwa jirani, ingawa alikuwa na saa mkononi. Baada ya dakika ishirini na tisa mlango ukafunguliwa.

"Kumi na nne," Ndunge alisema. "Kwa ishirini."

Kiilu akacheka kwa furaha, akamshika mabega. Alama hizo zilitosha. Nafasi ya kufanya mtihani ilikuwa bado mikononi mwake.

"Lakini sita nimekosa," Ndunge akaendelea. "Hizo hakuna wa kulaumu. Nimezisikia vizuri, na bado nikakosa."

Kiilu alijitolea kuingia, amsomee majibu sahihi. Ndunge alimshukuru, akamwambia apumzike. Akarudi ndani, akavaa hedifoni, akaanza na swali la kwanza alilokosa.