Ng'ombe Waliokufa Katika Jaribio

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupita Sachangwan, wanapanda kuelekea Olenguruone. Mbele alikwenda Kosgei na fimbo yake. Nyuma alifuata kaka yake, Kipkemei, pamoja na mkewe Cherono. Walikuwa wanakimbia sindano.

Jana yake Darweshi, mwenye duka, aliwasomea watu gazeti. Kichwa cha habari kilisema: "Ng'ombe Wafa Katika Jaribio la Sindano ya Sotoka." Sotoka ni ugonjwa unaomaliza zizi zima. Na sindano yenyewe ilikuwa inaletwa kesho yake! Watu walitawanyika kabla Darweshi hajageuza ukurasa.

Cherono aliwatazama ng'ombe wake watatu, aliopewa na baba yake. Maziwa yao ndiyo chakula cha watoto. Na sotoka ilikuwa imeshaonekana upande wa Molo. Wakidungwa, huenda wakafa. Wasipodungwa, huenda wakafa. Akasimama.

"Kosgei, walikufa ng'ombe gani?"

"Ng'ombe ni ng'ombe, shemeji! Ulitaka wakuandikie majina yao?"

"Walidungwa, au hawakudungwa?"

"Gazeti limesema. Wewe ni nani ubishane na gazeti?"

"Mimi ni mwenye ng'ombe."

Akawageuza wake. Kosgei akacheka mpaka akashika mbavu. "Kipkemei, mke wako amekuwa daktari! Mshonee koti jeupe!"

Kipkemei alikuna kichwa, akatazama juu, akatazama chini. Halafu akawageuza na wake.

Mahali pa sindano walimkuta Wamalwa, msaidizi wa daktari wa mifugo, amekaa peke yake kando ya uzio wa magogo.

"Karibu, mama. Nilidhani leo nitadunga inzi tu."

"Usinikaribishe bado. Gazeti linasema dawa yako inaua."

"Linasema walikufa katika jaribio. Ni kweli. Nilikuwepo, nikishika kamba."

"Kumbe unakubali!"

"Ngoja. Ng'ombe waligawanywa mafungu mawili, bila kuweka wanono huku na wakondefu kule. Fungu moja likadungwa, la pili likaachwa hivi hivi. Wote wakawekwa pamoja na ng'ombe mgonjwa. Waliokufa ni wale walioachwa."

"Na waliodungwa, hakufa hata mmoja?"

"Alikufa mmoja. Wengine walipata homa kidogo, maziwa yakapungua. Sikufichi."

"Na wale wengine mliwanyima dawa kwa nini? Mna roho gani?"

"Bila wao, tungejuaje kama ni dawa iliyookoa au ni bahati?"

Cherono hakulainika. "Mara moja tu? Hata mganga wa mvua hupatia mara moja."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana jaribio lilirudiwa mahali pengine, na watu wengine. Ikawa vilevile."

"Na wewe nikuamini kwa sababu ya kofia yako ya serikali?"

"Usiniamini. Uliza hivyo hivyo kila mara: walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, nani amerudia. Niulize mimi, liulize gazeti, muulize hata yule daktari mzungu ninayemsaidia."

Cherono akatazamana na mumewe. "Dunga," akasema. "Lakini nitarudi kukuuliza."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja dukani. "Mzee Darweshi, lete lile gazeti. Soma mpaka chini."

Darweshi akafunua ukurasa wa ndani. Akasoma, sauti ikipungua. "Lo! Imeandikwa hapa. Karibu wote waliokufa hawakudungwa."

"Basi kichwa kile kilipangwa na nani?"

"Na wenye gazeti huko mjini, mama. Kifo kina wanunuzi."

"Kwangu hakina," Cherono akasema. "Ukisoma nusu tena, nitakukatiza mbele ya watu."

Habari ikaenea, na kesho yake watu walipanga foleni na ng'ombe wao. Tangu hapo, Darweshi akinyamaza katikati ya habari, barazani watu humpigia kelele: "Maliza!"

Sotoka ilifika mwezi ule ule. Ng'ombe wa Cherono walikuwa wamepata homa ya sindano na kupona, ugonjwa haukuwagusa. Kipkemei alipoteza ndama mmoja. Kosgei alipoteza karibu wote, akaenda Molo kuchuma pareto. Wamalwa alihamishiwa Kabazi. Darweshi aliendelea kuuza gazeti lile lile. Aliyeandika kichwa kile cha habari hakujulikana.